Ustawi wa Mbuzi Mia Tatu na Kumi na Wawili, Hususan Mmoja

Uweso bin Sadalla,
Nyumba yenye baraza la saruji nyekundu,
Makorora, Tanga.
Jumatano, 14 Mei 2025

Kwa Bibi Consolata,
Afisa Mifugo Mkaguzi,
Zizi la Kusubiria Meli,
Tanga.

YAH: HALI YA USAFIRI WA MBUZI WAENDAO NGAZIJA KWA AJILI YA IDI

Bibi Afisa,

Baada ya salamu, na baada ya kukushukuru kwa shikamoo uliyoniamkia Jumatatu, Jumanne na leo asubuhi nikiwa nimekaa kwenye benchi lile lile la nje ya lango lako, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kwa maandishi. Kwa mdomo nimeona tunachoshana.

Malalamiko haya yanahusu ustawi wa mbuzi wote mia tatu na kumi na wawili watakaopakiwa melini kesho. Nasema wote. Sina maslahi binafsi katika jambo hili, isipokuwa mbuzi mmoja.

Mbuzi huyo ni beberu wa rangi ya udongo, mwenye baka jeupe ubavuni na pembe ya kushoto iliyokatika ncha. Kwako anaitwa 0217, kwa mujibu wa hereni mliyomvika sikioni. Kwangu anaitwa Akida, kwa kuwa kila asubuhi huzunguka mtaa mzima akikagua milango ya watu, na hakuna aliyewahi kumuuliza anafanya hivyo kwa mamlaka ya nani. Ana miaka saba. Marehemu mke wangu Saleha alimleta kutoka Mwera akiwa mdogo wa kunyonyeshwa kwa chupa, amembeba mgongoni kwa kanga, na abiria wenzake safari nzima wakimpa pole kwa mtoto mwenye kikohozi cha ajabu. Alipofika alimweka miguuni pangu akasema, "Haya, huyu naye wa kwenu. Msimulie yeye habari za Mwera, mimi nimeshazihifadhi."

Nimemsimulia. Saleha ana miaka mitatu kaburini, na mimi nina miaka hamsini na mmoja tangu nihamishwe kutoka Mwera. Nikienda kule leo naulizwa namtafuta nani. Katika nyumba yangu waliozaliwa Mwera ni wawili, na mmoja yuko zizini kwako.

Utauliza kwa nini sikuja tu na kusema: huyu ni mbuzi wangu, nipe. Uliniuliza hivyo Jumatatu, kwa upole, nami nikaanza kuzungumzia hewa safi melini. Ulistahili jibu bora zaidi. Wewe ni mtu wa Moshi na mnao watani wenu Wapare, kwa hiyo nitaeleza kwa kifupi.

Mimi ni Mzigua. Mzee Methusela wa Chumbageni, yule mrefu anayekaa nami benchini, ni Mnyamwezi. Babu yake alifika Pangani na mzigo kichwani, akautua apumzike kidogo, na ukoo wote unapumzika mpaka leo. Hivyo ndivyo ninavyomweleza mimi. Yeye ana maelezo yake kuhusu babu yangu, ambayo hayaandikiki katika barua inayokwenda kwa mwanamke. Sisi ni watani. Anaweza kuingia jikoni kwangu akafunua chungu, akaonja, akatukana mpishi. Nami naweza kuingia kwake siku ya Krismasi nikakaa kiti chake. Na kwenye msiba, kama ujuavyo, mtani ndiye mwenye shughuli.

Mwezi uliopita tulimzika dada yangu Hasina, umri miaka tisini na mmoja, akiwa ameshamgombeza kila mtu aliyestahili na wachache wasiostahili. Methusela alikuja matangani amejifunga kanga za marehemu, ameshika fimbo ya marehemu, anachechemea kama marehemu, na kwa sauti ya marehemu anapiga kelele uani: "Uweso! Uweso we! Nimekufa tangu asubuhi na hakuna aliyenipa hata kikombe cha chai! Ndiyo adabu za Mwera hizo?" Watu walicheka mpaka shehe akajifunika mdomo kwa kilemba. Nami nililia, kwa sababu sauti ilikuwa yake kabisa.

Kisha akamfungua Akida kwenye mlimau. "Huu ndio urithi wangu," akasema. "Mkimtaka, nileteeni sinia la ubwabwa Chumbageni kabla ya siku ya tatu. Na alibebe Uweso mwenyewe, kichwani, nione kama Mzigua anajua kubeba."

Desturi iko wazi. Mtani akichukua kitu, unakikomboa kwa kitu kidogo, watu wanacheka, maisha yanaendelea. Hapo ndipo nilipokosea, Bibi Afisa, na nakiri kwa maandishi. Nilijiambia kwamba mtani huumia zaidi akinyamaziwa kuliko akitukanwa. Sikupeleka sinia. Siku ya tatu ikapita, ya nne, wiki, wiki mbili. Nilikuwa nimekaa barazani peke yangu, nasoma gazeti kwa sauti bila wa kunisikiliza, nikijipongeza kwamba ninashinda.

Methusela alipoona kimya kimezidi, akaamua kuuongeza utani kimo. Ijumaa iliyopita alimleta Akida hapa zizini kwako, akamsukumia katikati ya mbuzi wa watu, akampiga picha, akaituma kwenye simu ya binti yangu Asmahani pamoja na maneno haya: "Mwambie baba yako mbuzi anakwenda Ngazija. Anauliza kama kuna wa kumsalimia." Nia yake ilikuwa picha tu. Lakini mtandao ulikuwa dhaifu, akasogea mpaka barabarani kuutafuta, na aliporudi mhudumu wako hodari alikuwa ameshamvika Akida hereni, ameshamwandika, na ameshamfungia ndani. Aliyevikwa hereni hatoki bila kibali. Uliniambia hivyo Jumatatu na ni sahihi. Siwezi kuomba sheria ilegezwe kwa ajili ya mtu mmoja, hata kama ni mbuzi.

Sasa tazama tulivyobanwa. Nikisema Methusela kaniibia, nimevunja utani uliowatangulia wazazi wetu, kwa kuwa mtani haibi. Methusela akisema alikosea, ameuvunja vilevile, kwa kuwa mtani haombi radhi. Ulimwita Jumatatu umuulize, na ulisikia mwenyewe alivyojibu: "Huyu mzee simfahamu. Wazigua wote wakiona mbuzi husema ni ndugu yao, na ukiwatazama vizuri huwezi kubisha." Kisha akaja akakaa karibu nami benchini, akanunua kahawa vikombe viwili, akanionya kwamba changu amekitemea mate. Nilikinywa. Tumekaa hivyo siku ya tatu leo, hakuna anayesema neno la maana, na meli imeshatia nanga.

Njia iliyobaki ni ya kanuni. Nilikuwa karani wa maktaba kwa miaka thelathini na moja, na mtu wa maktaba hawezi kukaa mbele ya maandishi bila kuyasoma. Kanuni zenu za usafirishaji wa wanyama hai zimebandikwa langoni, na benchi linazitazama. Nimezisoma mara kumi na nne. Ni kanuni nzuri, zimeandikwa na mtu mwenye huruma, lakini zina mapengo, nami nayaorodhesha hapa chini kwa faida ya mbuzi wote.

1. Nafasi. Kanuni inasema kila mbuzi apate nafasi ya kusimama, kulala na kugeuka. Naiunga mkono. Naomba iongezwe nafasi ya kumpa mgongo usiyempenda. Kiumbe aliyefungiwa siku mbili na nusu baharini, uso kwa uso na kiumbe anayemchukia, anapata madhara ambayo mizani yenu haiyapimi. Naomba pia hewa ipite chini na juu, maana joto la tumbo la meli mwezi huu si la kusimuliwa, na mbuzi hana la kuvua.

2. Maji. Ndoo moja kwa mbuzi ishirini haitoshi. Hili nalisema bila mzaha wowote. Nimewaona wadogo wakifika ndoo ikiwa imebaki tope. Wapatiwe maji safi, asubuhi na jioni, na pawe na mtu wa kusimamia ili wakubwa wasiwasukume wadogo. Aidha, wapo mbuzi waliozoea mabaki ya chai ya tangawizi kikombeni, iliyopoa, isiyo na sukari nyingi kwa sababu ya meno. Sisemi ni mbuzi gani. Nasema wapo.

3. Umri. Ijumaa, kwa maelezo ya mama muuza kahawa wa langoni, mhudumu wako alimfunua Akida mdomo, akamtazama meno, akasema, "Hili zee." Mbuzi wa miaka saba ni mzee kweli, kwa hesabu za binadamu tunalingana. Lakini pwani hatufungui mdomo wa mzee kabla ya kumwamkia. Napendekeza mbuzi wote waliozidi miaka sita wapewe shikamoo kwanza, ndipo wakaguliwe, na baada ya kukaguliwa wasamehewe safari ya bahari na kurejeshwa mahali walipozeekea. Ili kukuondolea hofu ya usumbufu, nimewahesabu kupitia matundu ya uzio. Kanuni hii itamgusa mbuzi mmoja.

4. Hereni. Naelewa umuhimu wa utambuzi. Hata vitabu tulivipiga namba. Lakini tuliipiga mgongoni, kwa gundi, na kitabu hakikutikisa kichwa siku tano. Beberu mwenye ndevu kuvikwa hereni ya njano mbele ya majike mia mbili ni jambo la kufikiriwa upya. Mwenye ndevu afungwe namba mguuni, au iandikwe kwenye karatasi ukaiweka mfukoni mwako, sisi tunakuamini.

5. Lugha. Wengi wa mbuzi ulionao wametoka bara, Kilindi na Handeni, kwa wafugaji hodari, na wamezoea kuongozwa kwa mluzi. Akida ni mbuzi wa mjini. Anaelezwa. Ukimwambia, "Sogea, nataka kupita na sufuria la moto," anasogea. Ukimpigia mluzi anadhani ni kijana ana furaha zake. Jana mchana mhudumu alipiga mluzi, mbuzi mia tatu na kumi na mmoja wakahamia upande wa pili, mmoja akabaki amesimama, akisubiri kuambiwa sababu. Alipigwa fimbo mbili za mgongo.

Nilisimama. Methusela naye alisimama, ingawa baadaye alidai alikuwa ananyoosha goti.

Kanuni yenu namba saba inakataza fimbo. Iko pale langoni, kwa herufi kubwa, imeelekea nje. Naomba ibandikwe nakala nyingine ikielekea ndani.

6. Kuaga. Hakuna mtu wa mwambao anayesafiri bila kuaga. Anafukiziwa ubani, anasomewa dua, anaombwa radhi na wale aliowakosea, anapewa vyakula vya njiani ambavyo hatavila. Mbuzi hawa wanaondoka kama barua. Napendekeza jamaa wa kila mbuzi waarifiwe na wapewe nusu saa. Nimepiga hesabu: mbuzi mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja na jamaa watano, ni watu elfu moja mia tano na sitini langoni kwako. Watahitaji maturubai, majamvi na chakula. Kwa watu wengi kiasi hicho, chakula kinachofaa ni pilau. Pilau itahitaji nyama. Nimejaribu kukwepa jambo hili kwa njia mbalimbali na naona kwamba, ili kuwaaga mbuzi wote kwa heshima, itabidi tuchinje kama ishirini na watano. Hapa nakiri kanuni inahitaji marekebisho. Iachwe itumike kwa mbuzi ambao jamaa zao wameshafika.

7. Kuulizwa. Mwaka 1974, nikiwa na miaka ishirini na sita, nilipakiwa kwenye lori kule Mwera. Tulikuwa watu arobaini, mapipa mawili na kitanda cha Hasina, ambaye alikataa kushuka kitandani, kwa hiyo akasafiri amelala, juu yetu sote, kama malkia. Hatukuambiwa tunakwenda wapi. Hatukuulizwa kama tuna kiu. Aliyetuhesabu hana lawama. Alituhesabu mara mbili na mara zote tulitimia. Lakini kuhesabiwa na kutunzwa ni vitu viwili, na nimeishi muda wa kutosha kuvitofautisha. Nyuma ya lori niliona mlango wetu, niliuacha wazi nikidhani nitarudi kuufunga.

Sipendi kuirefusha habari hii. Nilichotaka kusema ni kwamba mbuzi wako angalau wana kanuni langoni, na sisi hatukuwa nayo, kwa hiyo nazithamini kanuni zako kuliko pengine unavyozithamini wewe mwenyewe. Napendekeza kila mbuzi aulizwe kabla ya kupakiwa. Asiyejibu ahesabiwe amekataa.

8. Mwisho wa safari. Nimearifiwa kwamba huko wanakokwenda wanachinjwa. Naandika kwa unyenyekevu mkubwa kwamba, kwa mtazamo wa abiria, hilo nalo ni jambo la kuzingatiwa katika ustawi. Usinielewe vibaya. Mimi ni Muislamu, Idi nachinja na supu nakunywa. Lakini mnyama wa Idi anatakiwa awe mzima, asiye na kasoro, na ninaye mbuzi ninayemfahamu ambaye pembe yake imekatika ncha. Nimepitia kauli za wanazuoni kuhusu pembe. Wengi hawaoni tatizo. Mmoja ana shaka. Mimi nimeamua kuwa na yule mmoja.

9. Kwa sababu zote hizo, naomba meli isiondoke kesho, wala keshokutwa, mpaka mapengo haya yazibwe. Ikiwa hilo ni zito, basi waondoke mbuzi mia tatu na kumi na wawili hapa zizini, na wafike melini mia tatu na kumi na mmoja. Ni tofauti ndogo sana. Maktaba tulipoteza vitabu zaidi ya hivyo kila mwaka na tuliendelea kufungua saa mbili asubuhi.

10. Ikiwa hilo nalo haliwezekani, naomba niandikishwe mimi melini kama mhudumu wa mbuzi. Nina miaka sabini na saba, bahari inanitapisha, na kulala pagumu kunaniumiza nyonga. Lakini naweza kuwasomea. Gazeti la kila siku, sauti ya wastani, kuanzia ukurasa wa kwanza, nikiruka matangazo ya minada. Methusela ameniona nikiandika kifungu hiki, akasoma juu ya bega langu bila ruhusa, akasema kama nakwenda mimi naye anakwenda. Nimemuuliza kwa nini. Akajibu, "Mzigua akifia baharini, nani atakuja kumtania? Samaki?"

Kwa hiyo andika nafasi mbili.

Nakuandikia haya yote kwa heshima, mwanangu, kwa kuwa siku tatu hizi hujawahi kupita mbele yetu bila kutusalimu, na jana mvua iliponyesha ulituletea mwavuli ulioandikwa jina la chanjo. Najua una bosi wako, na bosi wako ana orodha, na orodha haina mahali pa kuandika mambo kama haya. Ndiyo maana nimetumia karatasi yangu.

Nisalimie daktari wa mifugo, ambaye sijamwona lakini nimesikia ana mkono mwepesi. Nisalimie walinzi wa zamu zote mbili, na mama muuza kahawa wa langoni ambaye ametuvumilia. Nisalimie mabaharia wa meli hiyo, uwaambie hatuna ugomvi nao. Nisalimie mbuzi wote, kwa namba zao, na ukifika 0217 usimsalimie kwa mluzi.

Nimetia saini nikiwa benchini, mahali ambapo jibu lako litanikuta,

Uweso bin Sadalla

Nyongeza, saa kumi na moja jioni, siku hiyo hiyo.

Bibi Afisa, barua hii nilikuwa nakuletea ofisini ulipotoka mwenyewe umemshika Akida kamba. Ukanieleza kwamba daktari amempima mchana, amemkuta umri umezidi na mguu wa nyuma si imara, na kwa mujibu wa kanuni namba tatu, ambayo ipo langoni na nimeisoma mara kumi na nne bila kuielewa, mnyama wa namna hiyo hasafirishwi. Anarudishwa alikotoka. Yaani kanuni zilikuwa zinafanya kazi yake muda wote huo mimi nikiziandikia mapengo.

Nakiri kwamba jambo la kwanza nililolisikia moyoni lilikuwa hasira. Hafai? Akida hafai? Mbuzi aliyekagua Makorora nzima kwa miguu hiyo hiyo? Nilikuwa tayari kukata rufaa. Methusela akanishika mkono akaninong'oneza, "Nyamaza, mjinga wee, utampeleka Ngazija kwa mdomo wako." Ni ushauri wa kwanza wenye akili niliowahi kuupata kutoka kwa Mnyamwezi, na nakuomba usimwambie kwamba nimekubali.

Sasa kuhusu safari ya kurudi. Kutoka zizini hadi Makorora ni mbali kwa mguu usio imara, na miguu yetu isiyo imara ilikuwa mingi. Palikuwa na bodaboda moja tu, ya bwana anayeitwa Edgar. Alikaa yeye mbele. Nyuma yake tulimweka Akida, amefungwa miguu minne kwa kitambaa cha Methusela. Kisha mimi, nimekumbatia mbuzi. Kisha Methusela, amenikumbatia mimi. Vijana wana jina la upakiaji wa namna hiyo, wanauita mshikaki, na nilimkataza Edgar kulitamka mbele ya abiria wetu.

Naeleza yaliyotokea kwa usahihi, kwa kuwa umeniona mtu wa usahihi. Nafasi ya kugeuka: hakuna. Maji: hakuna. Kuulizwa: hatukumuuliza. Lugha: Edgar alipiga mluzi njia nzima. Heshima kwa umri: kwenye tuta la pili Methusela alimshika Akida sikio ili asianguke yeye Methusela. Kichwa cha mnyama kilining'inia upande mmoja na kofia yangu ikaanguka upande wa pili, wala hatukusimama kuiokota. Tulipofika nilitapika. Nilipoinua kichwa nilimwona Akida amefunguliwa, macho maangavu, manyoya yamesimama kwa upepo, ametulia kuliko nilivyomwona siku zote tatu za zizini.

Kwa hiyo, Bibi Afisa, chukua kalamu ufute. Kifungu cha tatu mpaka cha kumi, futa. Nilikuwa naandika habari za mbuzi mmoja nikizivisha kanzu ya wote. Lakini cha kwanza na cha pili, kile cha nafasi na hewa, na kile cha maji, nakuomba uviache. Wale mia tatu na kumi na mmoja hawana mzee benchini, na ndoo kweli ni moja kwa ishirini. Na ile karatasi ya fimbo, igeuze ielekee ndani. Hayo matatu niliyaandika bila kumfikiria Akida, au nilimfikiria kidogo tu.

Na sinia la ubwabwa limeshatolewa. Nimelibeba kichwani kutoka jikoni hadi barazani, hatua kumi na moja, Methusela akizihesabu kwa sauti na mtaa mzima ukishangilia. Amekula lote peke yake, amelalamika chumvi.

Tarehe ya kanuni hizi kuanza kutumika: kwa meli, zianze leo. Kwa bodaboda, nakuomba zisubiri mpaka kesho asubuhi, maana Edgar anatakiwa kumrudisha Methusela Chumbageni, na Akida ameshapanda tena na hataki kushuka.